Marekani, Kanada au Uingereza: wapi wanapimaje vitendo vyako, na wewe uende wapi

Juzi mdogo wangu mmoja wa chuo, kamaliza intern mwaka jana yuko hospitali ya wilaya huko Kanda ya Ziwa, kanitumia voisi ya dakika sita. Ukitoa salamu na habari za umeme kukatika katikati ya upasuaji, swali lilikuwa moja: "Kaka, nasikia Marekani wamefuta ule mtihani wa kumpima mgonjwa mbele ya mtahini, sasa si ndo kwepesi kuliko kote?" Nikamjibu wamefuta chumba tu, kupimwa kupo palepale. Hakuelewa. Nikaona niandike yote mara moja, maana hili swali naulizwa kila msimu na kila mtu anauliza hivyohivyo, kwepesi wapi, wakati la kujiuliza ni nani atakuwa anakuangalia na anakuangalia kwa kutumia nini.

Nijitambulishe kidogo ujue naongea kutokea wapi. Nimesoma Dar, nimefanya kazi mkoani miaka miwili, nikaenda kufanya PLAB 2, mtihani wa vitendo wa Uingereza kwa madaktari waliosoma nje, Manchester mara mbili (ya kwanza nilifeli, nitaeleza), baadaye mke wangu akapata makaratasi ya Kanada tukahamia na mimi nikaanza upya na mtihani wao, sasa hivi niko residensi, yaani mafunzo ya ubingwa ukiwa kazini, ya udaktari wa familia. Marekani sijafanya, ila darasani kwetu wako wanne kule na tunaongea karibu kila wiki, so ya Marekani naandika kwa macho yao na kwa yale yaliyoandikwa rasmi.

Tuanze na Marekani kwa sababu ndo inachanganya watu.

Mwaka 1998 ECFMG, wale jamaa wa Philadelphia wanaohakiki vyeti vya madaktari tuliosoma nje, walianza mtihani wa vitendo kwa ajili yetu sisi wa nje peke yetu. Mwaka 2004 ukageuzwa kuwa Step 2 CS na wanafunzi wa Marekani nao wakalazimishwa kuufanya, na wao hawakuupenda hata kidogo. Ulikuwa unafanyika miji mitano tu, Philadelphia, Atlanta, Houston, Chicago na Los Angeles, yaani wewe wa Mwanza ulikuwa unaomba viza, unakata tiketi, unalala hoteli, unalipa zaidi ya dola 1,500 za mtihani wenyewe, ili ukaone wagonjwa wa kuigiza 12 kwa siku moja, dakika 15 kila mmoja na dakika 10 za kuandika noti. Ukifeli unarudia yote kuanzia ubalozini. Machi 2020 korona ikausimamisha, na Januari 2021 wakatangaza haurudi tena.

Sasa hapo ndo watu wanaposikia "wamefuta" wanashangilia. Lakini ECFMG bado inatakiwa iseme kwamba huyu mtu anajua kumshika mgonjwa, so wakaleta kitu kinaitwa Pathways, njia sita za kuthibitisha hilo bila wao kukuona. Kwa sisi wa Afrika Mashariki tatu ndo za kuzijua. Ya kwanza ni ya mwenye leseni kamili ya nchi yake, sio ile ya muda ya intern, ile kamili ya kufanya kazi bila kusimamiwa, na uthibitisho unatoka baraza lenyewe kwenda ECFMG, Tanzania ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, haupiti mkononi mwako. Ya pili ni ya aliyeshafaulu mtihani wa vitendo wa leseni wa nchi nyingine, na PLAB 2 ya Uingereza inakubalika humo. Ya tatu, ya nne na ya tano zinategemea chuo chako na nani alikipa ithibati, hizo muulize mkuu wa chuo sio mimi. Ya sita ni ya ambaye hana kokote kwa kuingilia pamoja na wale waliowahi kufeli ile CS ya zamani: unaona wagonjwa sita wa kweli, madaktari wenye leseni wamekaa pembeni wanajaza fomu ya mini-CEX, ambayo ni karatasi ya kumtathmini daktari akiwa kazini, historia kachukuaje, kapimaje, kaongeaje, kafikiriaje.

Njia yoyote utakayopita, lazima na OET ya udaktari. OET ni mtihani wa Kiingereza cha hospitali, una kusikiliza, kusoma, kuandika barua ya rufaa na kuongea. Kuongea ni igizo mbili za kama dakika tano tano, unapewa kadi, dakika mbili tatu za kuisoma, halafu anayekuhoji anakuwa mgonjwa au mzazi wa mgonjwa. ECFMG wanataka 350 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, na 300 kwenye kuandika. Kumbuka hiyo 300, kwa sababu GMC, baraza la madaktari la Uingereza, wanataka 350 kote, na kuna jamaa yangu alifanya OET kwa ajili ya Marekani akapata 330 ya kuandika akafurahi, miezi sita baadaye akabadili mawazo akataka Uingereza, ikabidi alipe tena.

Kwa hiyo Marekani anayekuangalia ni nani? Kwenye karatasi ni baraza la nchi yako na anayekuhoji kwenye OET. Kiukweli ni mkurugenzi wa programu ya residensi, na yeye hajakuona. Anachoshika mkononi ni namba ya Step 2 CK, mtihani wao wa leseni wa kompyuta (ule wa kwanza, Step 1, tangu 26 Januari 2022 ni kufaulu au kufeli tu haina namba) na barua za madaktari wa Marekani waliokuona ukiwa hospitalini kwao. Hizo barua ndo mtihani wa vitendo wa siku hizi jamani. Mmoja wa wale wanne wetu alikaa miezi mitatu Ohio kwa shemeji yake, kila siku anaamka saa kumi na moja anapanda basi mbili kwenda kusimama nyuma ya daktari, haruhusiwi kumgusa mgonjwa, anaangalia tu na kuulizwa maswali kwenye korido. Anasema ni kama mtihani wa siku tisini ambao hujui ni siku gani unasahihishwa. Alipata barua mbili, moja nzuri sana na moja ya mistari minne.

Mimi naona kule haki imepungua kidogo. Ile CS ilikuwa ghali na ya usumbufu lakini mtoto wa mkulima na mtoto wa waziri wote waliingia vyumba vilevile 12. Sasa hivi mwenye shemeji Ohio anamzidi asiye na shemeji.

Kanada ni kinyume kabisa, wao chumba wamekibakiza. Baraza lao la Ottawa, MCC, walikuwa na mitihani miwili ya vitendo, ule wa mwisho wa leseni uliowahusu hata wazawa wakaufuta Juni 2021, lakini ule wa kwetu sisi tuliosoma nje, unaoitwa NAC, upo na unauma. Ni OSCE ya siku moja. OSCE kwa asiyejua ni ule mtihani wa kuzunguka vituo, aliyeubuni ni Ronald Harden wa Dundee kule Scotland, akauandika mwaka 1975, na sisi wote tumeufanya chuoni kengele zikilia. NAC ina steshoni 12, kila moja dakika 11, na dakika mbili za katikati za kusoma kilichobandikwa mlangoni. Zinazohesabiwa ni 10, mbili ni za majaribio na huambiwi ni zipi, so usijifariji ukiharibu moja eti labda ilikuwa ya majaribio. Ndani kuna mgonjwa wa kuigiza na daktari mtahini kakaa pembeni, na steshoni nyingine mwishoni mtahini anakugeukia na maswali: unafikiri nini, utapima nini, hii picha inasema nini.

Kitu nilichokipenda Kanada ni kwamba wanasema wazi wanakulinganisha na nani: kijana wa Kanada aliyemaliza chuo juzi anaanza residensi. Hawatafuti bingwa. Kuna daktari wa Kongo nilifanya naye mazoezi, ana miaka 14 ya upasuaji, anajua vitu mimi sijawahi hata kuviota, na alifeli mara ya kwanza kwa sababu alikuwa anaruka hatua. Anamuona mgonjwa anajua jibu sekunde ya thelathini, anatangaza jibu, mtahini hana pa kuweka tiki. Na kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi muhimu hii: huu mtihani unafanyika kwa Kifaransa pia. Kati ya hizi nchi tatu ni Kanada peke yake inayokupa hiyo.

Mbali na NAC kuna MCCQE Part I ambayo ni kompyuta, hiyo unaweza kuifanyia nje ya Kanada kwenye vituo vya Prometric. NAC yenyewe lazima uje.

Uingereza nitaenda haraka kwenye muundo kwa sababu wengi mnaujua. PLAB 1 maswali 180 kwa saa tatu. PLAB 2 ni OSCE, Manchester tu, zamani zangu steshoni zilikuwa 18 siku hizi ni 16, dakika nane kila moja na dakika moja na nusu ya kusoma mlangoni. Unapewa alama kwenye maeneo matatu kila steshoni: kukusanya taarifa na kupima, mpango wa matibabu, na jinsi unavyoongea na mtu. Hilo la tatu lina uzito uleule kama la kwanza, soma hiyo sentensi tena. Na haitoshi kupata jumla, lazima pia ufaulu idadi fulani ya steshoni, so huwezi kuwa hodari kwenye tano ukabebwa.

Sasa ndani ya chumba. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo panapofelisha watu wetu, na ndo patakusaidia kujua kama wewe ni mtu wa OSCE au mtu wa karatasi. Steshoni zenyewe siwezi kusimulia, tulisaini kwamba hatutazitoa, nasimulia mazoezi.

Tulikuwa watatu kwenye fleti ya chumba kimoja na sebule Manchester, mimi, dada mmoja wa Nigeria na jamaa wa Pakistani. Saa ya simu, kifuniko cha sufuria ndo kengele. Siku ya pili yule dada akawa mama wa mtoto aliyepata degedege la homa. Mimi degedege nimeziona kuliko mvua, mkoani nilikuwa naona wagonjwa hamsini sitini kwa siku, wanaingia wawili wawili chumbani, mama, mtoto na jirani aliyembeba mfuko. Nikaanza: homa siku ngapi, katapika, anaharisha, degedege lilichukua muda gani, mkono mmoja au mwili mzima, chanjo, alizaliwaje, nikapiga historia safi ya dakika nne nikajiona bingwa. Kifuniko kikalia. Yule dada akanitazama akasema, umeniuliza maswali ishirini na mbili nimehesabu, hujaniuliza naogopa nini. Nikamwambia unaogopa nini sasa. Akasema, nilidhani mwanangu amekufa mikononi mwangu.

Nilinyamaza.

Hicho ndo wanakiangalia. Mgonjwa anafikiri ni nini, anaogopa nini, anatarajia nini kutoka kwako. Kwetu huwa tunafanya pia lakini tunafanya kwa neno moja: pole. Unamwambia "pole mama" na sauti yako imebeba kila kitu, hajisikii mpweke tena. Kiingereza hakina pole, jamani hakina. Mimi nikawa natumia sori, na siku ya tatu yule dada akiwa mgonjwa wa kuvunjika mkono akanikata: "Kwani wewe ndo umenisukuma?" Tukacheka sana lakini ilinigharimu wiki mbili kujifunza kusema sentensi nzima mahali pa pole, kwamba naona hili limekuwa gumu kwako, chukua muda wako, kisha kunyamaza kweli sekunde tatu nne wakati saa inakimbia. Hizo sekunde tatu zinauma kuliko swali lolote la famakolojia.

Na mengine madogomadogo. Hamna shikamoo, unajitaja jina na unamuuliza angependa umuiteje, hata kama ni bibi wa miaka themanini. Humwambii "panda kitandani" ukaanza kubonyeza tumbo, unaeleza unataka kufanya nini, kwa nini, utamgusa wapi, unaomba ruhusa, unamwambia akisikia maumivu aseme utaacha. Kipimo cha sehemu za siri unataja kwamba kutakuwa na mtu wa tatu chumbani. Mikono unasafisha na ionekane unasafisha. Mwisho unamuuliza kaelewaje, sio "umeelewa?" maana kwetu jibu la "umeelewa?" ni ndiyo siku zote hata kama hajaelewa kitu. Mimi niliporudi mara ya kwanza na matokeo ya kufeli nilikuta eneo la kuongea na mgonjwa ndo limeniangusha, taarifa nilikusanya vizuri tu. Nilikasirika wiki nzima, nikasema hawa wazungu wanataka maigizo. Baadaye nikakubali kwamba nusu ni maigizo, nusu ilikuwa kweli.

Steshoni za Kanada dakika 11 zinakupa pumzi zaidi ya Manchester, lakini maswali ya mtahini mwishoni yanahitaji ufikirie kwa sauti, kitu ambacho sisi hatujafundishwa, sisi tumefundishwa kumjibu profesa kwa neno moja tukiomba asituulize la pili. Kwangu Manchester ilinipima ulimi, Kanada ikanipima ulimi pamoja na mpangilio wa kichwa.

Hela, nitaenda haraka na nitazungusha kwa sababu bei zinapanda kila mwaka. Uingereza ndo nafuu: PLAB 1 pauni 270 hivi, PLAB 2 inakaribia pauni 1,000, ongeza OET au IELTS, ule mtihani wa Kiingereza cha kawaida (7.5 kwa jumla, kila kipengele kisishuke 7), viza, tiketi na wiki tatu nne za kula na kulala Manchester. Kanada NAC peke yake ni kama dola 3,000 za kwao, MCCQE karibu nusu ya hiyo. Marekani mtihani mmoja mmoja hauogopeshi, Step 1 na CK kila moja inapita dola 1,000, OET kama 400, Pathways 900 na kitu, ila kinachomaliza watu ni aplikesheni za residensi. Msimu wa 2025 kwa fani moja programu 30 za kwanza zilikuwa dola 11 kila moja na kuanzia ya 31 dola 30, na mtu wa nje anaaplai mia au zaidi, piga hesabu mwenyewe, mia moja ni dola 2,430 kabla hata hujaitwa intavyuu. Weka na ile miezi ya kusimama nyuma ya daktari Ohio bila kulipwa.

Tahadhari moja hapo kwenye hela: kozi za maandalizi. Mimi nililipa kozi moja Uingereza, siitaji, nikakaa ukumbini na watu arobaini tukiangalia mtu mmoja mbele akifanya steshoni, wiki nzima niligusa mgonjwa wa kuigiza mara mbili. Sufuria yetu ilinifundisha zaidi. Kama unalipa, uliza kwanza kwa siku utasimama mbele ya mgonjwa mara ngapi.

Tufike kwenye kile ambacho hakuna mtu anaangalia mpaka amechelewa, yaani ukishafaulu unapata nini.

Uingereza ukifaulu PLAB unapata usajili wa GMC, unaweza kuajiriwa, haujapata residensi. Mafunzo ya ubingwa unaaplai tofauti kupitia mfumo wao wa Oriel na ushindani umekuwa mkali sana miaka hii, na Julai 2025 serikali yao kwenye mpango wa afya wa miaka 10 ikasema wahitimu wa Uingereza watapewa kipaumbele. Nina watu nawajua wamefaulu Manchester wanatuma maombi ya kazi mwaka mzima wakiwa wanaishi kwa akiba. Zamani nilikuwa namwambia kila mtu aanze Uingereza, siku hizi simwambii tena. Halafu mwenye pasi ya Tanzania ajue kwamba nchi yetu iko kwenye ile orodha ya WHO ya 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, wakala haruhusiwi kuja kukuvuna, ila wewe mwenyewe ukiaplai moja kwa moja hakuna anayekuzuia. So wakala anayekufuata na ahadi, jiulize.

Kanada ukifaulu NAC unaingia CaRMS, ambayo ni mfumo wa kulinganisha waombaji na nafasi, na hapo kuna ukuta: lazima uwe raia au mkazi wa kudumu. Bila hayo makaratasi NAC yako ni cheti cha ukutani. Ukishika nafasi, mikoa mingi inakufunga mkataba wa kurudisha huduma, Ontario ni miaka mitano sehemu wanazozikubali wao. Mimi sina shida na hilo, nimetoka wilayani nitarudi wilayani, ila ya baridi. Kwa aliyefanya kazi miaka mingi nyumbani kama daktari anayejitegemea kuna njia ya pembeni, tathmini ya wiki 12 kazini mbele ya daktari anayekusimamia, hurudii residensi kabisa, na Ontario nao waliianzisha 2023. Yule daktari wa Kongo ningemjua mapema ningemwambia aiangalie hiyo kwanza kabla ya kuhangaika na dakika 11.

Marekani ukimechi, yaani mfumo wao ukikulinganisha na programu, umemechi, unaingia residensi moja kwa moja, na nafasi ni nyingi kuliko kote. Mwaka 2024 raia wa nje waliosoma nje waliomechi walikuwa 58 na kitu katika kila mia walioingia, wakati wahitimu wao wenyewe walikuwa 93 na kitu. Ila viza ndo kisiki. Wengi wanaenda kwa J-1 inayodhaminiwa na ECFMG, inataka barua ya wizara ya afya ya nchi yako kwamba taaluma hiyo inahitajika, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili labda upate msamaha wa kufanya kazi maeneo yenye uhaba. H-1B, ile viza ya kazi, inataka Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni yao, na Septemba 2025 ikawekewa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya. Juu ya hapo Burundi iliingizwa kwenye vizuizi vya viza Juni 2025 na Tanzania ikafuata mwisho wa mwaka huohuo, na J-1 iko ndani ya hivyo vizuizi. Kwa hiyo kabla hujalipia Step 1 fungua ukurasa wa ubalozi usome hali ya leo sio ya mwaka jana.

Basi ungeniuliza mimi, nigawe hivi. Mwenye ukazi wa Kanada au mwenza wake anao, asizunguke, NAC, na aanze mazoezi ya kufikiri kwa sauti leo. Kijana aliyemaliza juzi, kichwa cha mitihani ya kompyuta, ana ndugu Marekani wa kumlaza miezi mitatu na uraia ambao haujafungiwa viza, Marekani kupitia njia ya kwanza ya leseni, na nguvu zote aziweke kwenye CK. Aliyekaa kazini miaka saba nane na hana hamu ya kuanza chini, aangalie ile tathmini ya wiki 12 kama ana njia ya kuingia Kanada. Uingereza naiweka kwa mtu mwenye akiba ya mwaka mzima, ambaye hata asipopata mafunzo ya ubingwa haraka ataridhika na kazi ya wadi, na faida yake ya ziada ni kwamba ile PLAB 2 anaweza kuja kuitumia Marekani kwenye njia ya pili. Mwenye Kiingereza cha kusuasua na Kifaransa kizuri, Kanada na Kifaransa chake, asijitese.

Huyu mdogo wangu wa Kanda ya Ziwa hana ndugu nje, hana ukazi, pasi yake ni ya Tanzania, leseni kamili ndo ameipata mwezi wa tatu. Nimemwambia asilipie mtihani wowote mwaka huu. Afanye vitu viwili: aulize barazani utaratibu wa wao kutuma uthibitisho wa leseni moja kwa moja nje, maana yoyote atakayochagua baadaye lazima uhakika wa leseni utatakiwa na huwa unachukua muda, na pale OPD, kwa wagonjwa wa nje, kila siku achague mgonjwa mmoja tu katika wale hamsini amfanyie dakika 11 kamili, aombe ruhusa kabla ya kugusa, amuulize anaogopa nini. Jana kanitumia voisi nyingine. Anasema alimuuliza mzee mmoja wa presha anaogopa nini, mzee akamjibu, "Naogopa wewe, dokta, leo mbona maswali mengi, nina saratani?"